Pampu ya kifua na ulimi wa mume

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, mada ya leo inahitaji tuvumiliane. Nimesita wiki kadhaa kuiandika, maana gazeti hili linasomwa na wazee wetu, linasomwa na vijana wetu wa madrasa, na wengine hulifungua pale pale nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Lakini dini yetu haina soni katika kuifundisha haki. Bi Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) na kumuuliza kuhusu josho la mwanamke anapoota usingizini, na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Kama wao waliuliza na wakajibiwa kwa heshima, hatuna sababu ya kukaa kimya, na zaidi ya hapo, hatuna sababu ya kumcheka anayeuliza. Nalisema hili la kucheka kwa makusudi, kwa sababu mimi mwenyewe nimelitenda.

Kikaratasi

Kila Jumamosi baada ya Alasiri nina darsa ya kina mama katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Kina mama hukaa upande wao nyuma ya pazia, na maswali huandikwa katika vikaratasi. Mtoto mmoja huvikusanya na kuniletea. Siku moja nilifungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa kinauliza, kwa maneno machache, kama inafaa mwanamke kutumia ile pampu ya kuvuta matiti yawe makubwa bila kupasuliwa, ikiwa anafanya hivyo kwa ajili ya mumewe.

Nilikisoma kwa sauti. Nyuma ya pazia pakaanza kicheko. Nami, Allah anisamehe, nikakiongezea kuni. Nikasema kwamba wanawake wa mjini sasa wanajijaza upepo kama mipira. Nikaitaja hadithi ya laana kwa wenye kubadilisha maumbile, nikasema ni haramu, nikafungua kikaratasi kingine. Jibu langu halikuchukua hata dakika mbili.

Nilipofika nyumbani, mama watoto aliniandalia chai, akakaa, akaninyamazia. Nikamuuliza kulikoni. Akasema:

"Baba Salma, leo umemjeruhi mtu."

Akanieleza. Baada ya darsa kutawanyika, dada mmoja alibaki amejifunika uso kwa ushungi analia. Ndiye mwenye kikaratasi. Ana mtoto wa pili, wa miezi minane, anamnyonyesha. Pampu ile hakuinunua yeye. Mumewe ndiye aliyeileta nyumbani ndani ya mfuko mweusi, baada ya miezi mingi ya kumwambia kwamba amekwisha, kwamba kifua chake kimekuwa kama soksi tupu, na baada ya kumwonyesha kwenye simu picha za wanawake asiowajua na kumuuliza mbona yeye hayuko vile. Ameitumia wiki tatu. Ngozi imefanya mabaka ya damu na malengelenge. Upande mmoja umekuwa mgumu, una moto, na mtoto akinyonya anasikia uchungu mpaka meno yanagongana. Amemwambia mumewe kuwa anataka kuacha. Mume akamjibu kuwa mke mwema humtii mumewe.

Ndugu msomaji, dada yule hakuja kwenye darsa kutafuta ruhusa. Alikuja kutafuta neno la dini la kwenda nalo nyumbani, limkinge. Alikuja kutafuta ngao, mimi nikampa jiwe. Akarudi kwake akiwa na maumivu yale yale, na juu yake akadhani amelaaniwa.

Kesho yake asubuhi mke wangu alimsindikiza zahanati. Waliambiwa titi limeshika uambukizo, akapewa dawa, akaelekezwa aendelee kumnyonyesha mtoto ili maziwa yasigande, na kile kifaa akiweke mbali. Alhamdulillah amepona. Ameniruhusu kukisimulia kisa hiki, ila jina lake na mtaa wake visijulikane. Hivyo basi, naomba makala hii iwe jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Kifaa chenyewe ni kitu gani

Haifai kutoa hukumu ya jambo usilolijua, kwa hiyo nilianza kwa kuuliza wenye elimu na kusoma. Kifaa hiki ni bakuli mbili za plastiki zinazofunika kifua. Zimeunganishwa na mrija, na mwisho wa mrija kuna mpira wa kubonyeza kama ule wa kipimo cha presha, au mota ndogo ya umeme. Hewa ikifyonzwa, ngozi na nyama huvutwa kuingia ndani ya bakuli.

Sisi Waislamu hili si geni kwetu. Ndiyo kanuni ile ile ya hijama, ambayo wazee wetu waliifanya kwa pembe wakaiita kuumika, au kupiga chuku. Kila aliyewahi kuumikwa anajua kinachotokea: nyama hutuna, damu hukusanyika mahali pamoja, na ukiondoa pembe unabaki na kinundu chekundu. Ukirudi baada ya muda, kinundu kimenywea. Ndiyo maana Waswahili wakimsikia mtu anatia chumvi katika habari husema anapiga chuku. Amelitunisha jambo kuliko lilivyo, na muda si mrefu litanywea.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi pampu nyingi zinazouzwa mitaani na kwenye matangazo ya simu. Mwanamke anaitumia robo saa, anajitazama kwenye kioo, anaona kifua kimejaa, anafurahi. Kilichojaa pale ni damu na maji yaliyovutwa. Akilala akiamka, kimerudi. Anaona dawa ni kuongeza nguvu na muda, na hapo ndipo vijishipa vidogo vya damu hupasuka, ngozi ikachubuka na kutoa malengelenge. Kwa mama anayenyonyesha, michubuko ile ni mlango wa vijidudu.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Yupo daktari wa upasuaji huko Miami, Marekani, kwa jina Roger Khouri, aliyebuni kifaa cha aina hii kiitwacho Brava, na matokeo ya majaribio yake yakachapishwa mwaka 2000 katika jarida la madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Yeye hakutumia mvuto mkali wa dakika chache. Alitumia mvuto mdogo usiobadilika, unaosimamiwa na mashine, kwa saa 10 hadi 12 kila siku, kwa wiki 10 mfululizo. Waliingia wanawake 17, wakamaliza 12. Kwa hao waliomaliza, kifua kiliongezeka, kisha kikapungua kidogo katika wiki ya kwanza baada ya kuacha, na ongezeko lililobaki lilikuwa kwa wastani asilimia 55 ya ukubwa wa mwanzo. Madaktari wameendelea kutumia njia hiyo hasa kwa kuwaandaa wanawake wanaotengenezewa titi upya, wengi wao wakiwa wale waliokatwa titi kwa saratani.

Sasa mwenye akili na apime. Saa 10 kwa siku, siku 70, ni saa 700 za kukaa na bakuli kifuani, chini ya uangalizi wa daktari. Hicho ndicho kilichopimwa. Kile kinachouzwa katika mfuko mweusi hakina daktari, hakina kipimo cha mvuto, na karatasi ya maelezo iko katika lugha ambayo muuzaji mwenyewe haisomi. Muuzaji anachukua jina zuri la utafiti wa wengine, anaubandika kwenye bidhaa yake. Huko nako ni kupiga chuku.

Hukumu yake

Tuje kwenye swali la dada yetu: je, inafaa?

Allah (S.W.) anatueleza katika Suratun-Nisaa (4:119) jinsi Iblisi alivyoapa kuwa atawaamrisha waja wabadilishe maumbile ya Allah. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Abdullah bin Mas'ud (r.a.) ametaja laana kwa wanawake wenye kuchanja chale za mapambo, wenye kunyofoa nyusi na wenye kuchonga mwanya katika meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha alivyoumba Allah. Hadithi ni sahihi wala hatuna ruhusa ya kuipunguza. Lakini hatuna ruhusa pia ya kuitupa hovyo kama nilivyoitupa mimi. Imam Nawawi, katika kuisherehesha, ameeleza kuwa yale maneno "kwa ajili ya uzuri" yana maana: kilichokatazwa ni kile kinachofanywa kutafuta uzuri, ama kinachohitajika kwa matibabu au kuondoa aibu ya kiungo hakina ubaya. Na Imam Qurtubi ameeleza kuwa wapo waliosema makatazo ni katika lile linalobaki mwilini, ama lisilobaki kama wanja, wanachuoni wameliruhusu.

Ushahidi wa matibabu tunao. Swahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini Mtume hakumwacha mtu aishi bila pua akiwa na njia ya kujisitiri. Vile vile, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo la kawaida na kuondoa kasoro ya kuzaliwa au iliyoletwa na ugonjwa, ajali au moto. Likakataza ule usio tiba, ambao lengo lake ni kugeuza umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Kwa mantiki hiyo, tunaweza kuligawa jambo hili katika mafungu matatu.

La kwanza ni mwenye maradhi au kasoro. Mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani, aliyeungua moto, au aliyezaliwa upande mmoja haukuota, huyo ni mgonjwa anayetafuta tiba. Akiambiwa na daktari mwaminifu kuwa kifaa cha kuvuta kitamsaidia, na madhara yake si makubwa kuliko faida, hakuna wa kumlaumu. Katika fungu hili yumo pia mama ambaye chuchu zimeingia ndani na mtoto anashindwa kunyonya. Wauguzi huwafundisha kina mama hao kuzivuta taratibu kwa bomba la sindano lililokatwa na kugeuzwa. Yumo pia anayekamua maziwa kwa pampu ili aende kazini. Asije mtu akasoma makala hii akamtupia mkewe pampu ya maziwa. Si kila kinachofyonza ni haramu.

La pili ni mwanamke mzima asiye na kasoro, anayetaka kubadili umbo lake kwa kudumu ili afanane na picha. Hapa tunaingia katika lile lililokatazwa, hata kama hakuna kisu wala sindano. Kinachotazamwa ni lengo na matokeo, wala ukosefu wa jeraha haubadilishi hukumu.

La tatu ni anayetaka kutuna kwa saa chache tu. Huyu anaweza kusema kwamba hakuna kinachobaki, kwa hiyo ni kama wanja. Tunamjibu kwamba wanja haupasui mishipa ya damu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine, na Allah (S.W.) ametukataza tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi (2:195). Kinachodhuru hakihalalishwi kwa kuwa ni cha muda. Na akiwa ni binti anayejitunisha siku posa inapokuja ili mchumba amdhanie sivyo alivyo, hapo kuna jambo la nyongeza, nalo ni udanganyifu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka la mfanyabiashara akakuta chini kumelowa, akamkemea kwa kuficha, akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ikiwa hivyo ndivyo katika kibaba cha nafaka, ndoa ina haki zaidi ya kuwa na ukweli.

Mapambo ya halali ni mengi na mlango wake uko wazi. Hina, udi, manukato, nguo nzuri ya ndani ya nyumba, hata sidiria inayokipa kifua umbo, mke akivaa kwa ajili ya mumewe ambaye anamjua alivyo, hajabadilisha maumbile na hajamdanganya mtu. Mwenye kisa chake mahususi na amwone mwanachuoni anayemwamini, pamoja na daktari.

Mume akiamrisha

Sasa tuje kwenye lile ambalo sikulijibu, na ambalo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Dada yule aliandika: "kwa ajili ya mume".

Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa mwanamke mmoja wa Kiansari alimwoza binti yake, kisha nywele za binti zikapukutika. Mama akaja kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa mume wa binti amemtaka amuunge nywele nyingine. Tafakari hali ile: binti mchanga katika ndoa, nywele zimemtoka bila kosa lake, mume anataka, mama ana huruma. Pamoja na yote hayo Mtume (s.a.w.) alikataa. Na Imam Bukhari alipoiweka hadithi hii, hakuiweka katika mlango wa mavazi peke yake. Aliiweka pia katika Kitabu cha Nikahi, chini ya mlango alioupa anuani yenye maana kwamba mwanamke hamtii mumewe katika maasi.

Hilo ndilo jibu, dada yangu. Hukulazimika hata siku moja. Utiifu kwa mume ni katika wema. Mume hana haki ya kukuamrisha ujiumize, wala hana haki ya kulivaa jina la dini ili akutie bakuli kifuani. Ukikataa, huna dhambi. Na laana niliyoitaja siku ile haikuwa mahali pake kwa mwanamke aliyeshurutishwa, aliyechoka, aliyekuja msikitini kutafuta njia ya kutoka.

Kwenu nyinyi kina baba wenzangu, naomba nisichekewe na nisikasirikiwe. Tujiulize: aibu ile iliingiaje katika kifua cha yule mwanamke? Hakuzaliwa nayo. Kifua kile kilinyonyesha watoto wawili waliobeba jina la baba yao. Mimba hukijaza, kunyonyesha hukikamua, na umri hukilegeza. Hiyo ni kazi ya Allah, na ndiyo alama ya kazi iliyofanyika. Ukubwa wake hata si kipimo cha maziwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya tofauti ya ukubwa kati ya mwanamke na mwanamke ni mafuta tu. Wewe uliyekula matunda unakuja kuulaumu mti kwa kuwa umepukutisha majani?

Allah (S.W.) ametuamrisha kukaa nao kwa wema, na akatuambia kuwa tukiwachukia, huenda tukachukia kitu na Allah akatia ndani yake heri nyingi (4:19). Ametukataza kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kuitana kwa majina mabaya (49:11). Je, ndani ya chumba aya hii inasimama kufanya kazi? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha alipokuwa mwembamba, Bi Aisha akamshinda. Wakashindana tena baadaye alipokuwa ameshanenepa, Mtume akamshinda, akacheka, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Mwili wa mke ulikuwa umebadilika. Mume akaona mchezo na mapenzi, hakuona kasoro ya kutangaza.

Na zile picha za kwenye simu ni balaa jingine. Kabla Allah hajamwamrisha mwanamke ajisitiri katika Suratun-Nuur, amemwamrisha kwanza mwanamume ainamishe macho (24:30). Mume anayeshinda anatazama vifua vya wanawake wasio wake, kisha anarudi kumkagua mkewe kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, ugonjwa uko katika jicho lake. Hata pampu elfu moja hazitamtosha, maana kesho ataona picha nyingine. Wengi wa hao anaowatazama wamepasuliwa, wamejazwa, au picha imerekebishwa. Anamlinganisha mkewe na kitu ambacho hakipo.

Wala kina mama hatuwaachi. Nasikia katika kicheni pati na shughuli zetu siku hizi, mahali pa somo kumfundisha mwari usafi, subira na heshima, panatolewa vichupa, vidonge, krimu na pampu, na bibi harusi anaambiwa asipojiongeza ataibiwa mume. Enyi masomo na makungwi, mnampeleka binti wa watu kwenye ndoa akiwa tayari ameshatiwa hofu na mwili wake. Mtakuja kuulizwa. Anayekuuzia kifaa au dawa, muulize: imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA? Akikujibu kwa kicheko, rudisha pesa yako mkobani.

Na kuna jambo moja zito zaidi. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi kwa wanawake wa nchi hii, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Sisemi kuwa pampu inaileta, tusiwazushie watu. Ninachosema ni kwamba wapo dada zetu wanaotoa fedha kwa siri kununua pampu, na hawajawahi hata mara moja kwenda kupimwa kivimbe. Wanafika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Mume anayekijali kifua cha mkewe kwa kweli, ampeleke akapimwe. Hiyo ndiyo fedha iliyokwenda mahali pake.

Nilivyorudi kwenye darsa

Abdullah bin Mas'ud alipoitaja ile hadithi, alikuja mwanamke aitwaye Ummu Ya'qub kumhoji, akamwambia kuwa anadhani hata mke wa Ibn Mas'ud anafanya hayo. Hakumfukuza wala hakumdhihaki. Alimwambia aingie nyumbani akatazame. Akaingia, hakuona kitu. Huo ndio ulikuwa wasifu wa waliotangulia. Hukumu ilianzia nyumbani kwa mwenye kuitamka, na muulizaji aliheshimiwa.

Jumamosi iliyofuata nilifungua darsa kwa kuomba radhi. Sikutaja kisa, nilisema tu kuwa wiki iliyopita nililijibu swali vibaya, na kwamba aliyeliuliza ana haki juu yangu. Kisha nikaeleza haya mliyoyasoma. Safari hii nyuma ya pazia palikuwa kimya. Baada ya darsa vikaratasi vilikuja vingi kuliko siku yoyote, na sita kati yake vilikuwa juu ya jambo hili hili. Hapo nikatambua kuwa kicheko changu cha wiki iliyopita hakikumfunga mdomo mtu mmoja.

Nilimwomba pia imamu wetu nafasi ya kuzungumza na wanaume baada ya swala ya Isha. Nilizungumza. Mume wa yule dada alikuwepo, safu ya pili. Sikumtazama, wala sikusema neno la kumwonyesha. Wiki mbili baadaye mama watoto akaniambia kuwa ule mfuko mweusi ulitolewa nje pamoja na taka, na aliyeutoa ni mwenye kuuleta.

Ndugu zangu, Allah (S.W.) hatazami sura zetu wala miili yetu, anatazama nyoyo zetu na matendo yetu, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Kama kuna kitu cha kukitunisha, basi ni huruma. Na kama kuna kitu cha kukifyonza kitoke vifuani mwetu, basi ni kibri cha mwenye kudhani kuwa mke ni bidhaa, na kibri cha ustadh mwenye kudhani kuwa kila swali ni upuuzi mpaka liwe limetoka kwake.

Tunamwomba Allah atusamehe tuliyoyasema bila kujua, awaponye wagonjwa wetu, na azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, mapenzi na huruma. Aamiin.

Wabillahi Tawfiiq.